Kichupa Kinachowaka: kutoka redio ya sufuria hadi besi ya kwaya

Kwa kwaya ya Ndalambo, kwenye barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga, swali la "tununue priampu gani ya besi" si la anasa. Chukulia kwaya yoyote ya kijijini. Imechanga kwa miezi. Gitaa la besi lipo, spika mbili zipo, mikisa ipo. Ila Jumapili besi inasikika kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani: mdundo upo, noti haipo. Hapo ushauri unaanza. Mmoja anasema, "Nunueni ya valvu, ndiyo yenye sauti nene." Mwingine anajibu, "Valvu? Hayo mambo ya mababu, itakula umeme na kuungua tu."

Wote wawili wana sehemu ya ukweli, lakini hawatapatana mpaka wajue valvu ilifikaje kwenye besi. Historia yake ni ndefu, na sehemu yake moja imepita jirani kabisa na Ndalambo, upande wa pili wa mpaka. Tuifuate, halafu turudi kwenye hela za mchango.

Kichupa chenyewe kinafanya nini

Valvu ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa. Ndani kuna kathodi, ambayo ikipashwa moto inatema elektroni. Ng'ambo yake kuna anodi yenye volti nyingi chanya, inayozivuta. Mwaka 1904, Mwingereza John Ambrose Fleming alisajili valvu ya vipande hivyo viwili. Ilikuwa mlango wa njia moja: umeme unapita huku, haurudi kule.

Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza kipande cha tatu katikati, gridi, mfano wa wavu mwembamba wa waya. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Ukibadilisha volti kidogo tu kwenye gridi, mkondo wa elektroni unaokwenda kwenye anodi unabadilika sana. Ni kama koki ya bomba: kidole kinazungusha kidogo, maji yanabadilika mengi. Ishara dhaifu ikiingia kwenye gridi, inatoka kwenye anodi ikiwa kubwa. Huo ndio ukuzaji wa sauti, na kwa karibu miaka hamsini dunia haikuwa na njia nyingine ya maana ya kuufanya kwa umeme. Simu za masafa marefu, redio, sinema zenye sauti, vyote vilipitia kwenye kichupa hiki.

Priampu ni hatua ya kwanza ya kazi hiyo. Sumaku za gitaa la besi zinatoa sehemu ndogo tu ya volti moja. Priampu inaipandisha ishara hiyo, inaipa umbo (besi nyingi, kati, juu), kisha inaikabidhi kwa amplifaya ya nguvu, ambayo ndiyo inayosukuma spika. Tofauti hiyo ikumbukwe, itatusaidia kwenye hesabu ya umeme.

Sufuria la Lusaka

Sasa tuvuke mpaka. Ukitoka Tunduma kwa miguu unaingia Nakonde, Zambia. Wanyamwanga wako pande zote mbili, na mpaka ule ulichorwa na wakoloni, si na wao. Miaka ya 1940 upande ule uliitwa Rodesia ya Kaskazini, na pale Lusaka kulikuwa na kituo cha redio kilichoanza mwaka 1941, wakati wa vita. Kilitangaza kwa lugha za Kiafrika, Kibemba na Kinyanja zikiwemo. Tatizo lilikuwa moja: karibu hakuna Mwafrika aliyekuwa na redio. Redio za wakati huo zilikuwa ghali, zilitaka umeme wa ukutani, na zilitengenezwa kwa sebule za Ulaya, si kwa vumbi, joto na wadudu.

Mkuu wa idara ya habari, Harry Franklin, alizunguka kwa watengenezaji wa Uingereza akiomba redio rahisi ya betri. Kampuni ya betri ya Ever Ready ikakubali. Moja ya majaribio ilifungwa ndani ya umbo la sufuria ya alumini yenye upana wa inchi 9, na ikaonekana inafaa sana. Mwaka 1949 ikaingia sokoni kwa jina la Saucepan Special, yaani redio ya sufuria. Ndani yake kulikuwa na valvu nne, na ilipokea masafa mafupi. Mawimbi hayo hayaombi hati ya kusafiria. Yanaruka mamia ya kilomita, na mpaka wa Tunduma si kitu kwao.

Bei yake inafundisha. Redio iliuzwa pauni 5. Betri ilikuwa pauni 1 na shilingi 5, na ilidumu saa 300. Tufanye hesabu: pauni moja ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo betri nne zilikuwa pauni 5 kamili, sawa na bei ya redio nyingine. Msikilizaji wa saa tatu kwa siku alikuwa anamaliza betri kwa siku 100. Ndani ya miaka michache, gharama kubwa haikuwa tena ile ya kununua. Ilikuwa ya kukiwasha na kukiendeleza.

Na ni kwa nini betri? Kwa sababu valvu ina mdomo miwili wa kulisha. Mmoja ni wa moto wa kathodi: valvu za betri za enzi hizo ziliundwa zipashwe na volti kama 1.4 tu, ili zisile sana. Wa pili ni wa anodi, unaotaka volti nyingi, kwa redio za betri kama 90. Wabunifu wa redio ile hawakutafuta sauti nene wala tamu. Waliuliza swali tofauti: kitu hiki kitaishi wapi, na nani atakilisha? Swali hilo tulibebe, tutalihitaji mbele.

Fundi redio wa Fullerton

Wakati huohuo, California, kulikuwa na fundi redio aitwaye Leo Fender. Alifungua duka lake la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton mwaka 1938. Hakujua kupiga gitaa. Alijua valvu, transfoma na spika, na wanamuziki walimletea amplifaya zilizokufa. Kutoka kwenye kutengeneza akahamia kwenye kuunda.

Mwaka 1951 alitoa gitaa la besi la Precision. Halikuwa gitaa la kwanza la besi la umeme duniani, kwani Paul Tutmarc wa Seattle alishauza lake miaka ya 1930, lakini hili ndilo lililoenea. Kabla yake mpiga besi alibeba fidla kubwa ya kusimama, ambayo kwenye bendi yenye ngoma na tarumbeta haikusikika vizuri. Mwaka uliofuata, 1952, Fender akatoa amplifaya ya kwenda na gitaa hilo, Bassman, ya valvu bila shaka. Hakuchagua valvu kwa ajili ya ladha. Transista ilikuwa imegunduliwa kwenye maabara za Bell mwishoni mwa 1947, ila bado haikuwa na ubavu wa kazi hiyo. Fundi redio alitumia kilichokuwa kwenye rafu yake.

Kisha historia ikafanya mzaha. Wapiga solo waliipenda Bassman kuliko wapiga besi, kwa sababu ukiizidishia sauti inaanza kukwaruza kwa namna tamu. Mwaka 1962 pale London, Jim Marshall na mafundi wake walichukua saketi ya Bassman kama kielelezo cha amplifaya yao ya kwanza. Sauti ya roki nzito, kwa hiyo, imezaliwa kutoka kwenye boksi la besi lililozidiwa.

Wapiga besi wao walikuwa wanahangaikia nguvu tu. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ilitoa SVT: wati 300, valvu 14, kichwa chake peke yake kilo zaidi ya 40. Ziara ya Rolling Stones ya mwaka huohuo ndiyo iliyoitangaza. Miaka hiyohiyo amplifaya za transista za besi zikaingia, nyepesi na safi zaidi. Kwa mhandisi kesi ilikuwa imekwisha: transista haipashwi moto, haipasuki, haichakai haraka. Redio nazo zilishahama. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka mwaka 1954, na sufuria la Lusaka likawa kumbukumbu.

Ila wapiga besi wengi walirudi kwenye kichupa. Miaka ya 1970 kampuni ya Alembic ya California ilichukua saketi ya priampu ya Fender, ikaifunga peke yake kwenye boksi bila amplifaya ya nguvu. Yaani, beba kichupa kidogo cha mbele, uzito wa nyuma waachie transista. Muundo huo ndio baba wa priampu nyingi za valvu za besi tunazoziona leo.

Kwa nini walirudi: noti ambayo haipo lakini unaisikia

Jaribu hili sasa hivi. Fungua wimbo wowote wa dansi kwenye simu yako, bila spika ya nje. Besi unaisikia? Unaweza hata kuiimba. Lakini uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatetema mara 41 kwa sekunde, na kispika cha simu hakiwezi kabisa kutoa mtetemo wa chini hivyo. Kwa hiyo unasikia kitu ambacho simu haikitoi.

Siri iko kwenye uzi na kwenye ubongo. Uzi hautoi mtetemo mmoja. Unatoa 41, na pia 82, 123, 164 na kuendelea; hizi huitwa hamoniki. Spika ndogo inaukata ule wa 41, labda na wa 82, lakini ya juu inapita. Ubongo unaona ngazi zinazopishana kwa 41 kila moja, unahitimisha kwamba chini kabisa pana 41, na unakusikilizisha. August Seebeck wa Ujerumani aliligusa jambo hili kwa majaribio ya king'ora miaka ya 1840, akapingwa vikali na Georg Ohm, yule yule wa kanuni ya umeme tunayosoma sekondari. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1940, Mholanzi J. F. Schouten aliyefanya kazi Philips alionyesha kwamba Seebeck hakuwa anaota.

Sasa valvu inaingiaje? Hatua moja ya valvu ya vipande vitatu haikuzi pande zote za wimbi sawasawa. Upande mmoja unabanwa kidogo kuliko mwingine. Kwa mhandisi hiyo ni kasoro. Lakini kasoro hiyo inaongeza hamoniki, hasa ile ya pili, ambayo kimuziki ni noti ileile oktavu moja juu. Mpe 41, inakuongezea 82. Na ukizidi kuisukuma, valvu haikati ghafla kama saketi nyingi rahisi za transista zinavyofanya. Inabana polepole, kwa hiyo pigo kali na pigo dogo vinakaribiana ukubwa. Noti inashikika.

Kwa lugha ya mtaani: valvu haiongezi besi. Inaongeza alama zinazoufanya ubongo uitambue besi, hata pale spika inaposhindwa kuitoa. Huo ndio "unene" ambao watu wanausema, na ndiyo sababu ya kasoro ya mwaka 1906 kuuzwa leo kama sifa.

Na kwetu nani alichagua?

Kwenye bendi zetu za dansi, safu ya magitaa ilijulikana: solo, second solo, rhythm na besi. Lakini mpiga besi mara nyingi hakuchagua chombo. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi yao, jeshi la kujenga taifa nalo hivyohivyo. Mlimani Park iliundwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikaenda kwa DDC, shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi. Ukihama bendi, unaondoka na vidole vyako. Gitaa na amplifaya vinabaki.

Kwa mtindo huo, ustadi wa besi yetu ulikaa kwenye mkono kuliko kwenye boksi. Sikiliza rekodi za Radio Tanzania za miaka ya 1970: besi haikai kwenye noti moja ya chini ikinguruma. Inapanda, inazungumza, inaacha nafasi, inarudi. Na wengi walizisikia kwenye redio ndogo za mkononi, zenye spika isiyozidi kiganja. Besi inayotembea juu, yenye hamoniki, ilipita humo. Ya chini tupu isingesikika Ndalambo wala Namanyere.

Majirani zetu wa Zambia wanatoa mfano mwingine. Muziki wao wa kalindula umepewa jina la chombo: besi ya uzi mmoja ya kutengeneza nyumbani. Malawi wanayo babatoni, jamaa yake. Kikasha au ngozi inayotetema pamoja na uzi inaongeza mkwaruzo wake yenyewe, na mkwaruzo huo ni hamoniki. Hakuna valvu hapo, ila kazi ya sikio ni ileile. Kwa hiyo tusiambiane kwamba sauti nene ya besi ni kitu cha Marekani kilichofungwa kwenye kioo. Kichupa ni njia mojawapo.

Sasa, hela za mchango

Turudi kwenye swali la ununuzi, tukiwa na lile swali la sufuria: kitu hiki kitaishi wapi, na nani atakilisha?

*Anza na spika, si priampu.* Kama spika zenu ni ndogo, hamoniki zitawasaidia, ziwe za valvu au za saketi ya transista inayoiga valvu. Kama mnazo spika kubwa za besi zinazotoa chini kweli, priampu safi inaweza kutosha. Na kama koni ya spika imepasuka, hakuna kichupa kitakachoiponya.

*Uliza volti za anodi.* Valvu ya priampu inayotumika zaidi ni 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83. Imeundwa kufanya kazi na volti 100 hadi 300 hivi kwenye anodi. Kuna boksi za bei rahisi zinazoilisha volti chache tu, kisha zinaweka taa ya rangi ya chungwa nyuma yake ili ing'ae. Hiyo inaweza kutoa mkwaruzo, lakini haitafanya kama tulivyoeleza. Nyingine zinapokea volti 12 na kuzipandisha ndani; hizo ni sawa. Kwa hiyo usiangalie mwanga, soma karatasi yake.

*Piga hesabu ya umeme.* Moto wa 12AX7 moja unakula karibu wati 1.9. Priampu yenye valvu mbili, pamoja na mengine yote, tuseme wati 10. Ibada ya saa nne ni wati-saa 40. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600, na ya asidi haifai kuteremshwa chini ya nusu, kwa hiyo una 300. Priampu inaenea vizuri. Anayesema valvu itamaliza umeme anawaza SVT ya wati 300, si priampu. Mlaji mkubwa kwenu ni amplifaya ya nguvu, na hiyo iwe ya transista.

*Fikiria betri ya nne.* Kumbuka pauni 5 na shilingi 25. Valvu mpya leo zinatengenezwa na viwanda vichache tu, hasa China, Urusi na Slovakia. Ya priampu inaweza kudumu miaka, lakini ikifa Jumamosi jioni hamtaikuta dukani Ndalambo. Bei ya priampu ya valvu kwenu ni bei ya boksi pamoja na valvu moja ya akiba, tangu siku ya kwanza. Kama hela haifiki hapo, chukueni ya transista inayoiga valvu. Zimekuwepo tangu miaka ya 1990, ziko imara, na kwenye spika ya kawaida wengi hawatatofautisha.

*Ijaribu kabla ya kulipa.* Iwashe, iache ipate moto, gonga valvu taratibu kwa ncha ya penseli. Ikilia kama kengele kwenye spika, achana nayo. Mkiisafirisha kwenye bodaboda itazidi. Hakikisha pia ina tundu la DI, la kuunganisha moja kwa moja kwenye mikisa, maana huko ndiko besi ya kwaya inakokwenda.

*Usifungue kama si fundi.* Kapasita za saketi ya volti 300 hubaki na chaji hata ukichomoa waya. Zinaua.

Kwa kwaya nyingi za barabara ile, jibu litakuwa hivi: rekebisheni spika kwanza, chukueni priampu imara ya transista yenye DI na mkwaruzo kidogo, na kijana wa besi aanze kupiga juu zaidi ya uzi wa nne. Valvu ije baadaye, ikija na akiba yake. Na mwenye hela ya valvu ya kweli leo asicheke wala asichekwe. Anunue akijua anacholipia si besi zaidi, bali ile oktavu ya ziada inayomfanya mzee wa benchi la nyuma asikie noti, sio mshindo tu.